Turubai la Harusi: Kununua au Kukodi?
Mwongozo kwa familia na vikundi vya Saza, Mkoa wa Songwe

Gharama halisi ya turubai hupimwa kwa idadi ya siku ambazo litasimamishwa tangu linunuliwe hadi lichakae, na kwa sababu hiyo familia inayoandaa harusi moja, hata ikiwa na fedha taslimu mkononi, kwa kawaida haina sababu ya kununua. Anayestahili kununua ni mwenye matumizi ya kudumu, yaani chama cha kufa na kuzikana, jumuiya ya kanisa, msikiti, ukoo mkubwa unaokaa mahali pamoja, au mtu aliyekusudia kwa dhati kufanya biashara ya kukodisha. Mwongozo huu unaonyesha jinsi hukumu hiyo inavyofikiwa kwa hesabu, kisha unaeleza hatua za kila njia, pamoja na usalama wa turubai lenyewe, ambao kamati nyingi za harusi huuacha mikononi mwa vibarua.

Mazingira ya Saza yanabadilisha hesabu hii kwa namna tatu. Kwanza, mwenye harusi asipopata turubai la kutosha hapo kijijini hulitafuta Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, au hulifuata mbali zaidi, Mbalizi, Mbeya mjini na Tunduma, na mzigo unaotoka huko hupita barabara ya Mbalizi, Galula na Mkwajuni, hivyo nauli ya kwenda na kurudi inaweza kukaribia kodi yenyewe. Pili, eneo hili hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na harusi nyingi husogezwa baada ya mavuno, jambo linalofanya watu wengi kugombania Jumamosi zile zile. Tatu, ardhi ya Saza imechimbwa dhahabu tangu enzi za ukoloni wa Waingereza, na uwanja unaoonekana tambarare unaweza kuwa umefukia duara la zamani, yaani shimo la wachimbaji, ambalo kigingi hakiwezi kushika ndani yake.

Sehemu za turubai na aina zake

Turubai la sherehe lina sehemu nne: fremu, ambayo ni bomba za chuma zinazounganishwa kuwa nguzo na kenchi, paa, ambalo ni kitambaa kinachotandazwa juu ya fremu, kuta, ambazo ni vitambaa vya pembeni vinavyoweza kufungwa au kukunjwa, na nanga, yaani vigingi, kamba na vizito vinavyolizuia lisinyanyuke. Turubai la fremu husimama kwa bomba zake na huhitaji nafasi ndogo ya kamba pembeni, ilhali turubai la nguzo na kamba hutegemea mvuto wa kamba peke yake na huanguka pale kamba chache zinapolegea. Lipo pia turubai la kuvutwa, lenye kitambaa kinachonyumbuka na umbo la mawimbi, ambalo hupendwa mijini kwa sura yake, lakini linataka fundi mzoefu, na kwa Saza halina faida inayolingana na usumbufu wake.

Kitambaa kinachofaa ni plastiki nzito yenye nyuzi za polista ndani, ambayo wauzaji huiita PVC na huipima kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Kitambaa cha gramu 550 hadi 650 hustahimili mvua na jua kwa miaka kadhaa kikitunzwa. Turubai jepesi la nailoni linalouzwa kwa kuanikia mahindi, hata likiwa na rangi nzuri, huchanika kwenye matundu ya kamba upepo unapolipiga mara chache tu, na halipaswi kuwekwa juu ya watu.

Hesabu ya nafasi

Hesabu ya nafasi hutangulia hesabu ya fedha, kwa sababu maneno "turubai la watu 100" hayana maana moja. Mgeni anayeketi kwenye viti vilivyopangwa kwa safu huhitaji takribani mita 0.7 za mraba, njia za kupita zikiwemo, na mgeni anayeketi kwenye meza ya duara huhitaji takribani mita 1.3. Turubai la mita 6 kwa 12 lina mita 72 za mraba, hivyo huchukua watu mia moja wakipangwa kwa safu bila kitu kingine chochote ndani. Mara jukwaa la maharusi, meza ya keki, muziki na nafasi ya mshereheshaji vinapochukua mita 16, idadi hiyo hushuka hadi 80 kwa safu, au 43 kwa meza za duara. Mkodishaji aliyetaja watu 100 hakudanganya. Kamati ndiyo haikuuliza ni watu 100 wa kuketi vipi.

Aidha, si lazima kila mgeni awe chini ya turubai. Harusi ya Julai au Agosti inayoanza saa tisa alasiri inaweza kuwaweka wakwe, wazee na wenye watoto wachanga chini ya turubai moja, na vijana chini ya miembe, bila mtu yeyote kudharauliwa, mradi mpangilio huo utangazwe mapema na mshereheshaji aujue. Harusi ya Desemba haina uhuru huo.

Hesabu ya siku

Kamati ifuate hatua hizi, ikitumia bei ilizopewa na wauzaji na wakodishaji wasiopungua watatu.

1. Iandikwe bei kamili ya kununua: kitambaa, fremu, kuta, kamba, vigingi na usafirishaji hadi Saza.
2. Iongezwe gharama ya kulitunza kwa miaka mitatu: mahali pa kuhifadhi, rangi ya bomba, viraka na kamba mpya.
3. Iandikwe kodi ya siku moja ya turubai la ukubwa ule ule, ikiwemo nauli.
4. Kutoka kwenye kodi hiyo ipunguzwe gharama ambayo mwenye turubai naye hawezi kuikwepa kila linaposimamishwa, yaani vibarua na usafiri wa hapa na pale. Kinachobaki ni kile ambacho kila siku ya matumizi huokoa.
5. Jumla ya hatua ya 1 na ya 2 igawanywe kwa kinachobaki. Jibu ni idadi ya siku ambazo turubai lazima litumike ndipo kununua kulingane na kukodi.

| Mfano wa hesabu (tarakimu za kujifunzia, bei halisi ziulizwe) | |
|---|---|
| Bei ya kununua hadi kufika Saza | Sh 1,800,000 |
| Utunzaji wa miaka mitatu | Sh 180,000 |
| Kodi ya siku moja pamoja na nauli | Sh 60,000 |
| Vibarua na usafiri kwa mwenye turubai | Sh 15,000 |
| Kinachookolewa kila siku (60,000 − 15,000) | Sh 45,000 |
| Siku za kulingana (1,980,000 ÷ 45,000) | 44 |

Siku 44 si nyingi kwa kuzitamka, lakini kati ya Juni na Oktoba mna Jumamosi 21 au 22 tu. Mwenye turubai anayetegemea harusi za Jumamosi peke yake atahitaji kulikodisha kila Jumamosi ya kiangazi kwa misimu miwili mfululizo, bila kukosa hata moja, ndipo arudishe fedha yake, na hata hapo hajapata faida. Hapa ndipo wazo la "tununue kwa harusi ya binti yetu, kisha tutalikodisha" huvunjika. Familia iliyokwisha kutumia akiba kwenye sherehe hujikuta na mzigo wa bomba uani, wateja wakilitaka siku moja tu ya juma, na ndugu wakiliazima bure siku zilizobaki.

Ikiwa nauli kutoka mbali inapandisha kodi ya siku moja mara mbili, siku za kulingana hupungua kwa zaidi ya nusu, na ni sahihi kusema kwamba umbali unaitetea hoja ya kununua. Lakini hoja hiyo ni ya kijiji kizima kuliko ya nyumba moja.

Kikundi kinaponunua

Chama cha kufa na kuzikana, ambacho wanachama wake huchangishana na kusaidiana kwenye misiba, ndicho mnunuzi mwenye sababu nzito kuliko wote, kwa kuwa msiba hauchagui Jumamosi wala msimu, na turubai moja linaweza kusimama kwa siku kadhaa za matanga. Vipaimara, vikao vya kijiji na semina za wakulima nazo huongeza siku. Kikundi kilichosajiliwa cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu kinachotaka kukodisha kibiashara kinaweza pia kuomba mkopo wa halmashauri usio na riba, unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hurejeshwa, kwa hiyo hesabu ya siku ifanywe kabla ya kuandika andiko la mradi, tena bila kuhesabu siku za misiba ambazo turubai hutolewa bure.

Jambo linalovunja vikundi hivi ni mgongano wa tarehe. Familia imelipia turubai kwa harusi ya Jumamosi, na usiku wa Alhamisi mwanachama anafariki. Kwa desturi, msiba hutangulia, na hakuna mwenyekiti atakayethubutu kusema vinginevyo, lakini familia ya harusi nayo imeshagawa kadi. Kanuni za kikundi zitamke mapema ni nani atalipa kodi ya turubai la badala, na litatafutwa wapi. Njia nyepesi zaidi ni kununua maturubai mawili ya mita 6 kwa 6 badala ya moja la mita 6 kwa 12: kwa sherehe kubwa huunganishwa, siku ya mgongano hutenganishwa, na hubebeka kirahisi zaidi.

Anayekodi

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka nia ya kufunga ndoa itangazwe angalau siku 21 kabla. Kamati nyingi huanza kutafuta turubai baada ya tangazo hilo, wakati Jumamosi nzuri zimeshachukuliwa. Uwekaji wa nafasi ufanywe tarehe inapokubaliwa na pande mbili za wazazi, kabla ya tangazo na kabla ya kadi za michango kuchapwa.

1. Turubai likaguliwe likiwa limesimamishwa kwenye sherehe nyingine, si kwenye picha ya simu. Mkaguzi asimame ndani mchana na kutazama juu: kila tundu litaonekana kama nukta ya mwanga.
2. Zihesabiwe bomba, viungio, vigingi na kuta, na hesabu iandikwe. Upungufu wa viungio viwili unatosha kuliacha paa likining'inia upande mmoja.
3. Makubaliano yaandikwe. Mkataba wa mdomo unaweza kukubalika chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, lakini kuuthibitisha ni kazi ngumu. Karatasi moja yenye sahihi za pande mbili na shahidi mmoja kwa kila upande inatosha.
4. Malipo yagawanywe: sehemu isiyozidi nusu wakati wa kuweka nafasi, na iliyobaki turubai linapokuwa limesimama na kukaguliwa. Malipo ya simu yafanywe kwa namba yenye jina la mkodishaji mwenyewe, na ujumbe wa muamala utunzwe. Mfanyabiashara aliyesajiliwa atoe risiti ya mashine ya EFD.
5. Turubai lifike Saza siku moja kabla. Lori linaloondoka Tunduma alfajiri ya siku ya harusi likipata pancha, hakuna muda wa kutafuta jingine.

| Mambo ambayo karatasi ya makubaliano isikose |
|---|
| ☐ Vipimo vya turubai kwa mita, si kwa idadi ya watu |
| ☐ Kuta zimo au hazimo kwenye bei |
| ☐ Nauli, vibarua na chakula chao ni juu ya nani |
| ☐ Saa ya kufika na saa ya kubomoa |
| ☐ Nani analipa likichanwa na upepo, na nani likichomwa na wageni |
| ☐ Kiasi kinachorudishwa harusi ikiahirishwa kwa msiba |
| ☐ Mkodishaji atafanya nini akishindwa kulileta |

Anayenunua

Mnunuzi ana njia mbili: kununua turubai lililo kamili, au kununua kitambaa kilichoshonwa kwa vipimo na kumpa fundi wa kuchomelea kazi ya fremu. Njia ya pili mara nyingi huwa nafuu, na ina faida nyingine ambayo haionekani siku ya kununua: bomba likipinda, aliyelitengeneza yupo karibu. Bomba liwe la mabati, la kipenyo cha inchi moja na nusu hadi mbili, na unene wa ukuta wake usiwe chini ya milimita 1.5, kwa maana bomba jembamba hupinda kwenye kiungio na likishapinda halirudi. Kila kiungio kichorwe namba kwa rangi. Vibarua hubadilika, na fremu isiyo na namba huchukua asubuhi nzima kuunganishwa.

Kitambaa kikunjwe kwa nguvu kwenye kona na kufunguliwa: kikiacha mstari mweupe wenye nyufa, plastiki imezeeka ghalani. Maungio ya vipande yawe yameunganishwa kwa joto, kwani ushonaji wa uzi peke yake huacha matundu yanayovuja.

Wanaonunua Tunduma huvutiwa kuvuka hadi Nakonde, upande wa Zambia, kufuata bei. Tangu mwaka 2019 mpaka huo una kituo cha huduma za pamoja, na bidhaa inayovushwa lazima itangazwe kwa forodha. Bei ya ng'ambo ilinganishwe baada ya kuongeza ushuru na kodi zilizoulizwa TRA, kwa sababu turubai lililokamatwa kwenye njia za panya ni ghali kuliko lolote.

Usalama wa kusimamisha

Hatari kubwa ya turubai ni upepo. Nguvu ya upepo huongezeka mara nne kasi inapoongezeka mara mbili: ukuta wa mita 12 kwa 2.5 hupokea msukumo unaolingana na uzito wa kilo 190 hivi upepo ukiwa na kasi ya kilomita 36 kwa saa, na kilo 750 ukifikia kilomita 72. Bonde la Rukwa lina joto kali miezi ya Septemba na Oktoba, na mchana kwenye uwanja mkavu chamchela huweza kuzuka bila wingu lolote. Mvua nayo ina hatari yake, kwani kila milimita moja inayoangukia mita moja ya mraba ni lita moja, na paa lililolegea likishika dimbwi la mita 3 kwa 2 lenye kina cha sentimita 10 limebeba kilo 600 juu ya vichwa vya wageni.

1. Uwanja uchaguliwe pamoja na mwenyeji mzee anayejua mahali palipowahi kuchimbwa. Pasiwe chini ya nyaya za umeme, kwa kuwa bomba refu linaloinuliwa huweza kuzigusa, wala chini ya tawi kavu.
2. Mtendaji wa kijiji apewe taarifa, hasa ikiwa turubai litaziba njia au muziki utapigwa usiku.
3. Vigingi viwe vya nondo nene, visivyopungua sentimita 60, na 90 kwenye udongo wa kichanga. Kichwa cha kigingi kielekee mbali na turubai, na kamba ishuke kwa mwinamo wa nusu ya pembe mraba.
4. Pale penye mwamba, kila nguzo ifungwe kwenye pipa la lita 200 lililojaa maji, au kwenye viroba vya mchanga. Gunia la mahindi la kilo 100 lisijazwe mchanga hadi juu. Litapita kilo 200 na vibarua wataliacha pale pale.
5. Paa livutwe hadi lilie kama ngoma, na lirudiwe kuvutwa baada ya saa moja, maana PVC hulegea ikipata joto.
6. Jiko la kuni na jenereta viwe mbali, upande ambao upepo unaelekea, ili cheche na moshi visirudi kwenye turubai. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, lakini kwa umbali wa Saza ndoo za maji na mchanga ndizo za kutegemewa kwanza.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania usikilizwe jioni ya kuamkia harusi. Upepo ukivuma kwa ghafla, kosa la kawaida ni kufunga kuta zote ili kuwakinga wageni, ingawa kuta zilizofungwa hugeuza turubai kuwa tanga. Kuta zifunguliwe, wageni watolewe nje kwa utulivu, na mtu asishike nguzo akidhani ataizuia. Mshereheshaji aelezwe jambo hili kabla, kwa kuwa ndiye mwenye kipaza sauti.

Baada ya sherehe

Turubai, liwe la kununuliwa au la kukodi, lihesabiwe vipande vyake usiku ule ule, kabla vibarua hawajalipwa, kwa kutumia karatasi ile ile ya ukaguzi. Kitambaa kisikunjwe kikiwa na unyevu, hata wa umande, maana ukungu hukishika ndani ya siku chache na madoa yake hayatoki; kioshwe kwa maji na sabuni laini bila dawa ya kung'arisha, kianikwe hadi kikauke pande zote mbili, kisha kihifadhiwe juu ya mbao, mbali na sakafu na panya. Palipochanika pazibwe kwa kiraka cha PVC na gundi yake siku hizo hizo, kabla ya kukodishwa tena, kwa sababu mpasuko wa kiganja kimoja hukua kwa kila upepo unaofuata.